Ombi la Kulipiza

Kwa miaka kumi na moja Mama Pasi ndiye aliyeongoza maombi ya Jumatano kanisani kwao, na katika miwili ya mwisho alikuwa hasikii kitu moyoni. Maneno yalitoka kama kawaida. Wanawake waliendelea kulia alipowaombea, waliendelea kumshika mkono mlangoni wakimwambia Mungu amempa kinywa, naye aliwaitikia huku akijiuliza kama alizima boila kazini. Aliomba kama mtu anayesoma mita za maji: anaita tarakimu, anafunga kifuniko, anakwenda nyumba ya pili.

Jina la Mama Pasi alilipata kazini huko. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi nyuma ya soko, chumba kirefu chenye mashine tatu za kufulia, boila ya mvuke inayonung'unika tangu asubuhi, na meza yake pana karibu na dirisha ambalo halikufunguka vizuri. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za moto kutoka kwenye kifundo hadi kiwiko. Shati la mikono mirefu alilinyoosha kwa dakika tatu, kola kwanza, mabega, mikono, kisha mgongo, na muda wote huo angeweza kukuhadithia habari za mtaa mzima bila kuangalia anachofanya. Ndivyo alivyokuwa zamani. Siku hizi alinyoosha kimya.

Aliwahi kumwambia Mchungaji kwamba amechoka rohoni. Mchungaji, mtu mwema mwenye haraka zake, alimshauri afunge siku tatu. Akafunga. Siku ya tatu alichopata ni njaa.

Sababu ya ukavu huo aliijua vizuri, ila hakuwahi kuitamka hata chumbani peke yake.

Alikuwa na binti mmoja tu, mwalimu wa chekechea. Mwaka fulani binti huyo aliugua akili. Aliacha kulala, akaanza kuzungumza na kuta, mwisho akalazwa wiki sita katika wodi ambayo watu huitaja kwa kupunguza sauti. Akapona, akarudi kwa watoto wake wa chekechea, na baada ya muda akapata mchumba. Alimwomba mama yake jambo moja: habari ya wodi ibaki yao wawili, mchumba atamwambia mwenyewe siku akiwa tayari. Mama Pasi akaahidi. Lakini mzigo ulimlemea, na mchana mmoja, wakipanga viti kwa ajili ya mkutano, alimwambia rafiki yake wa karibu, mwenyekiti wa umoja wa wanawake. Alimwambia mtu huyo mmoja tu, tena ili waombe pamoja.

Jumapili mbili baadaye, ulipofika wakati wa watu kutaja mahitaji yao, Mwenyekiti alisimama mbele, akashika maikrofoni kwa mikono miwili na kuliomba kanisa limkumbuke binti wa Mama Pasi anayekaribia kuolewa, ili ile hali ya akili isimrudie. Alisema hivyo huku machozi yakimlengalenga. Mama mzazi wa mchumba alikuwa safu ya tatu.

Alhamisi yake upande wa mwanamume walipiga simu kusema wanasitisha mipango. Binti hakupiga kelele. Alimuuliza mama yake ni nani aliyesema, na Mama Pasi akaanza kujitetea kwamba alimwambia mtu mmoja tu, kwa ajili ya maombi. Binti alimsikiliza hadi mwisho, akafunga begi, akahamia mji mwingine. Tangu hapo simu ya mama yake hakuipokea tena.

Na Mwenyekiti alikuja nyumbani kutoa pole. Akaleta maua. Mama Pasi alijikaza kisabuni, akamkumbatia na kumwambia ni mapenzi ya Mungu, kwa kuwa kiongozi wa maombi hagombani na watu. Siku ile ile ndiyo aliyokauka.

Miaka miwili ikapita hivyo, hadi Jumanne moja asubuhi Mwenyekiti alipoleta suti yake ya zambarau, ile ya kukaa nayo safu ya mbele, akaagiza iwe tayari kabla ya Jumapili.

Sheria ya kwanza ya dobi ni kukagua mifuko. Mama Pasi aliingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyolegea kwa kusomwa mara nyingi. Juu kulikuwa na muhuri wa gereza.

Alipaswa kuiweka kwenye bahasha ya vitu vya wateja. Badala yake alikwenda nayo nyuma ya boila na kuisoma amesimama.

Kanisani kote ilijulikana kwamba mtoto wa kwanza wa Mwenyekiti yuko ng'ambo anasomea sheria. Wanawake walimwita Mwanasheria Wetu. Mama yake alikuwa akiwaletea salamu zake, akiwaeleza baridi ya huko na jinsi mtoto anavyolalamikia chakula. Sasa barua ilimwonyesha Mama Pasi mtu huyo yuko wapi: mwendo wa saa mbili kwa basi. Alimpiga mtu chupa katika ugomvi wa baa, yule mtu akapoteza jicho, naye akafungwa miaka minne. Aliandika kwa herufi kubwa za mtu anayejitahidi. Alimwambia mama yake kwamba sasa ni miaka miwili hajaja kumwona, kwamba hamlaumu, na kwamba siku ya wageni ni Jumamosi.

Mama Pasi aliikunja barua na kuitia kifuani.  Alirudi mezani, akanyoosha mashati kumi na manne bila kupumzika, na mwenye duka alipopita akashangaa kumkuta anaimba.

Hakuhitaji kufikiri sana atafanya nini. Jumapili, wakati wa mahitaji, atasimama mbele, atashika maikrofoni kwa mikono miwili, na kuliomba kanisa limkumbuke kijana wa Mwenyekiti aliyeko gerezani, Bwana amtie mama yake nguvu za kuacha kudanganya. Atasema kwa upole. Atatoa na chozi, kama litapatikana. Hakuna atakayemlaumu, kwani yeye ni mtu wa maombi na hilo litakuwa ombi.

Wiki ile aliishi. Alikula vizuri, akalala kama mtoto mchanga. Maneno yake aliyafanyia mazoezi mbele ya kioo na juu ya meza ya pasi, mvuke ukimpanda usoni. Alipima neno kwa neno. "Mwenzetu anayebeba mzigo peke yake" ilikuwa nzuri. "Gereza" lazima litamkwe polepole ili hata wazee wasiosikia vizuri walipate. Alimwona Mwenyekiti katika ile suti akigeuka rangi, akaona safu nzima ya wanawake ikigeuza shingo, na raha ile ilikuwa tamu mdomoni.

Tena aliomba. Alhamisi alijikuta amepiga magoti kando ya kitanda bila mtu kumwita na bila saa kumkumbusha, akimsihi Mungu asimharibie hii. "Nipe Jumapili moja tu," alisema. "Sijakuomba kitu kwa miaka miwili. Nataka nimwone anavyoumia." Kisha akaogopa kidogo. Alikuwa amezungumza na Mungu kwa moyo wake wote, na alichomwomba kilikuwa hicho.

Hakubadili nia. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja: Mwenyekiti alikuwa na ulimi. Angeweza kukana, akasema barua ni ya mtu mwingine, akalia, watu wakamwamini. Mama Pasi alitaka kuwa na jibu. Akaamua kwenda gerezani Jumamosi amwone huyo kijana kwa macho yake.

Langoni aliulizwa uhusiano wake na mfungwa, akajibu bila kupepesa kwamba yeye ni mama yake mdogo. Walimpekua, wakampa namba, wakamkalisha kwenye benchi la saruji pamoja na wake na akina mama wengine, wengi wao wakiwa na watoto wachanga. Baada ya saa nzima akaitwa kwenye chumba chenye meza ndefu iliyogawanywa katikati kwa wavu wa chuma. Askari alikaa kwenye kiti mlangoni na kusema wana dakika ishirini.

Kijana aliyekuja alikuwa mwembamba, nywele zimenyolewa, vidole vimeganda gundi ya karakana ya useremala. Alimtazama mgeni wake na kutabasamu.

"Shikamoo, mama mdogo. Sikujua nina mama mdogo."

Mama Pasi akaitikia, akamwambia anatoka kanisani kwa mama yake.

Hapo uso wa kijana ukabadilika. Alishika ukingo wa meza na kuinama karibu na wavu. Aliuliza haraka haraka: mama amemtuma? Amesema nini? Anaumwa? Ndiyo maana hawezi kuja mwenyewe? Alikuwa amekwisha kumtafutia mama yake udhuru kabla mgeni hajafungua kinywa.

Mama Pasi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kusubiriwa. Angeweza kusema ndiyo, amenituma. Ulimi ulikataa.

"Hakunituma," alisema. "Hajui kama niko hapa. Nimekuja kwa ubaya."

Akamweleza. Alianza na barua mfukoni, akarudi nyuma kwenye viti vya mkutano, maikrofoni, simu ya Alhamisi, begi la binti yake. Akamweleza hata maneno aliyoyapanga kwa ajili ya kesho. Alipofika kwenye habari ya ng'ambo na masomo ya sheria, kijana alicheka hadi askari akageuka.

"Sheria naisoma kweli," alisema, "ila kwa upande huu wa nondo." Kisha kicheko kikamwisha, akaanza kubandua gundi kidoleni.

Baadaye akamwambia aseme tu, yeye hataongezewa kifungo kwa hilo. Aibu aliizoea. Kulikuwa na jambo moja tu lililomtia hofu. "Mama ninamjua. Watu wakishajua, hatakanyaga hapa hadi natoka. Ataona kila mtu anamhesabia safari. Sasa hivi bado nadhani iko Jumamosi moja atakuja kwa kujificha. Nikiitwa namba, huwa najua ni yeye. Hata leo nilijua ni yeye."

 Kwa siku nne hasira ya Mama Pasi ilikuwa na uso mmoja, ule wa Mwenyekiti, na hakuwahi kuona kwamba upande wa pili wa lile ombi amesimama mtu mwingine, kama binti yake alivyokuwa amesimama. Alimchukia Mwenyekiti zaidi kwa kumwacha mtoto wake kusubiri hivi. Alijichukia na yeye.

Askari akatangaza dakika tano. Kijana akasema watu wa kanisa wakija huwa wanawaombea, je, yeye hatamwombea?

"Siwezi," Mama Pasi alisema. Ikawa kama mtu mwingine ndiye anayesema. "Nimekauka, mwanangu. Miaka miwili naomba kwa mdomo. Ndani hamna kitu."

Hakuwa amemwambia mtu hivyo, hata Mchungaji alimwambia nusu tu. Kijana hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa kama seremala anayesikia kwamba mguu wa kiti umelegea.

"Basi leo wewe pumzika. Nitaomba mimi."

Akafumba macho hapo hapo, viganja juu ya meza. Hakuwa na kinywa. Alisitasita, akarudia maneno. "Mungu, huyu mama amechoka. Amesafiri na hasira yake mpaka hapa. Usimfukuze. Binti yake apokee simu. Na mama yangu... mama yangu mwambie sijamkasirikia. Huyu mama mtu ampe maji ya kunywa, njia ni ndefu. Amina."

Ndiyo hayo tu. Mama Pasi alikuwa ameombea wagonjwa, wajane, wasafiri, watahiniwa, hata ng'ombe aliyepotea wa mtu mmoja. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu kumwombea yeye, akakosa. Watu walidhani mwenye bomba hasikii kiu. Alikaa kwenye kiti cha gereza, na machozi aliyokusudia kuyatafuta kesho yakaja yenyewe, mengi, hadi askari akamletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Akayanywa yote.

Msidhani alirudi nyumbani ametulia. Asubuhi ya Jumapili aliamka bado anamtaka Mwenyekiti chini. Alivaa gauni alilolichagua tangu Jumatano, akaweka barua kwenye pochi. Mwenyekiti alikuwa safu ya mbele katika suti ya zambarau, aliyoinyoosha Mama Pasi kwa mkono wake, mikunjo imesimama wima. Wakati wa mahitaji ulipofika, Mama Pasi alikwenda mbele na kushika maikrofoni. Maneno yote yalikuwepo mdomoni, yamepangwa, yamenyooshwa.

Alimtazama Mwenyekiti kwa muda mrefu, na watu wakaanza kukohoa.

"Naomba mniombee mimi," alisema. "Nimewaongoza miaka kumi na moja, na miaka miwili nimekuwa nawadanganya. Nimechoka. Humu ndani kuna mtu ninayemchukia, na leo nimekuja kumlipa mbele yenu. Bado nataka kumlipa. Sitamtaja. Jumatano tafuteni mtu mwingine wa kuongoza."

Akarudisha maikrofoni. Hakuna aliyejua la kufanya. Mchungaji alisimama, akakaa. Mwenyekiti alikuwa ameshika mkoba wake kama mtu aliye ukingoni mwa shimo, na Mama Pasi aliyaona hayo, na hatutasema uongo, aliyafurahia. Kisha fundi viatu wa mtaani, mwanamume asiyesema kitu mwaka mzima, akainuka kutoka nyuma, akaja na kusimama kando yake na kusema tu, "Bwana, huyu ni wetu." Wengine wakaja. Mikono ikamjaa mabegani hadi akahisi uzito wake.

Baada ya ibada alimkuta Mwenyekiti kwenye chumba kidogo wanamotundika majoho ya kwaya. Alifunga mlango, akamkabidhi barua.

"Nimeisoma. Jana nilikwenda kumwona."

Mwenyekiti akakaa juu ya sanduku la vitambaa. Swali lake la kwanza lilikuwa amemwambia nani.

"Sijamwambia mtu. Wewe uliwaambia watu mia tatu."

Mwenyekiti akaanza kusema kwamba yeye alitaka kusaidia, kwamba alidhani maombi ya wengi yana nguvu. Mama Pasi akamkatisha.

"Hapana. Ulijua unachofanya."

Nje watoto walikuwa wanakimbizana kwenye veranda. Mwenyekiti aliitazama barua, akaitazama sana.

"Nilijua," alisema mwishowe. "Wiki ile ndiyo alihukumiwa. Nilikuwa silali, watu wameanza kuniuliza nina nini. Nikawapa siri yako."

Mama Pasi alikuwa amelisubiri neno hilo miaka miwili. Lilipofika, lilimuuma na kumponya kwa pamoja, kama jipu linapokamuliwa. Hakumkumbatia. Safari hii hakutaja mapenzi ya Mungu. Alimwambia, "Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakuja kukuambia. Lakini wageni ni Jumamosi, na foleni inaanza saa tatu. Nenda na kitambulisho. Yule mtoto kila akiitwa anadhani ni wewe."

Akatoka, akamwacha anapangusa uso na kona ya joho la kwaya.

Mwenyekiti alikwenda, Jumamosi ya tatu. Kanisani alitumia mwezi mzima kupata ujasiri, kisha akasema mwenyewe mtoto wake yuko wapi. Wengine walimhurumia, wengine walipata mazungumzo ya wiki nzima. Mama Pasi hakuchangia upande wowote. Yeye alikaa safu ya nyuma, hana kazi, hana zamu, anaombewa kama wengine. Kwa miezi minne hakuongoza hata sala ya chakula. Asubuhi alimwambia Mungu maneno machache, yote ya kweli. Siku nyingine yalikuwa, "Bado namchukia." Siku nyingine, "Leo kidogo nimemsahau, sijui kama ndiyo wewe." Yalitosha. Kazini alianza tena kusimulia habari za mtaa huku akinyoosha, na mwenye duka akalalamika kwamba kelele zimerudi.

Kwa binti yake alituma ujumbe mmoja mfupi. Hakujitetea. Aliandika kwamba siri ilikuwa ya binti, yeye ndiye aliyeitoa, hakuwa na haki hata kwa ajili ya maombi, na kwamba hategemei jibu.

Wiki ya sita baada ya ujumbe huo, Jumapili mchana, akiosha vyombo, simu ikaita. Binti hakusema amesamehe. Aliuliza kama pale nyumbani maji bado yanakatika. Mama Pasi akafuta mikono kwa nguo aliyoivaa, akamwambia yanakatika, tena siku hizi hata hawatangazi, na wakaongea habari za maji kwa nusu saa nzima: ndoo, matangi, jirani aliyechimba kisima kikatoa tope. Mwishoni binti akasema atapiga tena Jumapili ijayo, kama mama hatakuwa na zamu kanisani.

"Sina zamu," Mama Pasi alisema. "Piga saa yoyote."

Akaketi pale pale jikoni, juu ya kigoda, povu likiwa limemkaukia kwenye viwiko. Hakupiga magoti. Alisema asante mara moja, kwa sauti ndogo, na akajua imesikika.